Kamera ya zumu ndefu kwa mpenzi wa ndege na wanyama: Sony RX10 IV, Nikon P950, Nikon P1000 au Panasonic FZ1000 II?

Ukishaingiwa na hamu ya kupiga picha za ndege na wanyama, simu hukuacha njiani mapema sana. Furukombe aliye juu ya mti ng'ambo ya mto anatoka nukta nyeupe na nyeusi, na ukimvuta kwa vidole anageuka vibonge vya rangi. Kamera ya lenzi za kubadilisha nayo ina madai yake: mwili, lenzi fupi, lenzi ndefu, begi la kubebea vyote hivyo, na fedha za kununulia kimoja baada ya kingine. Katikati ya hizo mbili zipo kamera zenye lenzi moja isiyotolewa, inayoanzia mandhari pana na kuishia kwenye jicho la ndege. Zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeupenda upigaji picha kwa dhati, anayetaka kushika vipimo vyote kwa mkono wake, lakini hana nia ya kubeba mzigo wa mtaalamu.

Naziweka nne pamoja: Sony RX10 IV iliyotoka 2017, Nikon Coolpix P1000 ya 2018, Panasonic FZ1000 II ya 2019 na Nikon Coolpix P950 ya 2020. Zote zinahifadhi faili za RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), zote zinarekodi video ya 4K, zote zina kitazamio cha kielektroniki chenye nukta takriban milioni 2.36, na zote zinakuachia upange mwenyewe shata (muda ambao mwanga unaachiwa uingie), uwazi wa lenzi na ISO (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ulioingia). Mambo hayo usiyahangaikie.

Wauzaji huanza na namba ya zumu: mara 16, mara 25, mara 83, mara 125. Mimi naiweka namba hiyo mwisho. La kwanza ni mwanga unaoingia, la pili ni uwezo wa kumfuata mnyama anayekwenda, na la tatu ndiyo umbali. Anayegeuza mpangilio huo atanunua kamera inayofika mbali kweli, kisha arudi nyumbani na picha zilizojaa chenga, vile vidoadoa vya picha iliyokosa mwanga.

Milimita zinakupa nini hasa

Kwa kipimo kilichozoeleka cha filamu ya milimita 35, Panasonic inaishia milimita 400, Sony 600, P950 inafika 2000 na P1000 inakwenda hadi 3000. Namba hizo peke yake hazisemi kitu mpaka uzigeuze kuwa mita za uwandani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye fremu, kwa makadirio.

Simba amelala mita 100 kutoka barabarani. Kwa Panasonic fremu yako ina upana wa mita 9, kwa Sony mita 6, kwa P950 mita 1.8 na kwa P1000 mita 1.2. Yaani Sony inakupa simba na nyasi zake na kivuli cha mti wake, ilhali P1000 inakupa uso na manyoya ya shingo tu. Sasa mlete keremkerem, ndege wa sentimita 20 hivi, akae kwenye tawi mita 20 mbele yako. Kwa Panasonic atachukua sehemu ya tisa ya upana wa fremu, kwa Sony sehemu ya sita, kwa P950 zaidi ya nusu, na kwa P1000 ataijaza karibu yote.

Hapo ndipo wengi wanapofunga mjadala na kulipia P1000. Lakini ile sehemu ya sita ya Sony bado ni pikseli 900 na ushee za ndege mtupu, kwa sababu fremu yake ina pikseli 5472 kwa upana. Ukiikata picha hiyo, unabaki na ndege anayetosha kabisa kuwekwa kwenye skrini ya simu au kompyuta. Swali la kujiuliza ni wewe unasimama umbali gani na wanyama wako, siku zote na si siku moja. Anayepiga ndege wa bustanini, au tembo wa Amboseli wanaovuka barabara mbele ya gari, hana kazi ya kudumu na milimita 3000. Anayekaa kando ya Mida Creek kule Watamu, maji yakiwa yametoka na ndege wakitembea kwenye tope mbali na ufuko, anayo. Vivyo hivyo anayekwenda Ngorongoro akitumaini kumwona faru: gari halitoki barabarani, na faru mara nyingi hukaa mbali.

Mwanga ndio unaoamua

Sony na Panasonic zina kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) cha inchi moja, chenye megapikseli 20.1. Kipimo chake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Nikon zote mbili zina kihisi cha inchi 1/2.3, milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, chenye megapikseli 16. Kwa eneo, kihisi cha inchi moja ni kikubwa mara nne. Halafu angalia uwazi wa lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, ukikumbuka kwamba namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi: Sony f/4, Panasonic f/4, P950 f/6.5, P1000 f/8. Kutoka f/4 hadi f/8, mwanga unaopita kufikia kila kipande cha kihisi unapungua mara nne.

Tazama hilo linavyotokea kwa vitendo. Jua kali la saa nne asubuhi, ISO 100, f/4 inakupa shata ya 1/1600 ya sekunde, na f/8 inakupa 1/400. Bado mambo ni mazuri kwa wote. Sasa mnyama aingie kivulini, mwanga ushuke mara nane, nawe uendelee kuhitaji 1/1600 kwa kuwa ndege anatikisa mabawa. Sony itapanda ISO 800, na kihisi chake kinaibeba hiyo bila shida. P1000 itapanda ISO 3200, na kwa kihisi kidogo kama kile manyoya yanaanza kugandana, chenga zinajaa kwenye anga la nyuma, na programu ya kamera ya kusafisha chenga inafuta hata mistari myembamba ya bawa uliyoitafuta. P950 inakaa katikati, ISO 2000 na kitu.

Wanyama wetu wengi wazuri hutembea katika mwanga huo mbaya. Chui hushuka mtini saa kumi na mbili alfajiri, si saa sita mchana. Bundi wa msitu wa Arabuko-Sokoke hukaa chini ya majani ambako hata adhuhuri kuna giza la nusu. Kwa picha za namna hiyo sioni ushindani hapa: ni Sony.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wachache huifanya, na ndiyo iliyonifanya nizitazame Sony na P950 kwa jicho jipya. Gawanya urefu halisi wa lenzi, si ule wa kipimo cha filamu, kwa namba ya uwazi, upate upana wa tundu linalopitisha mwanga. Sony: milimita 220 kwa 4, unapata 55. P950: milimita 357 kwa 6.5, unapata 55 vilevile. Panasonic: 146 kwa 4, kama 37. P1000: 539 kwa 8, kama 67. Maana yake ni kwamba ndege yuleyule, mahali palepale, kwa shata ileile, Sony na P950 zinachota kwake mwanga sawasawa. P950 inautandaza mwanga huo juu ya pikseli nyingi, Sony juu ya pikseli chache. Mwanga ukiwa mwingi na ndege akiwa ametulia, P950 inatoa undani ambao Sony iliyokatwa haiupati, na tofauti inaonekana waziwazi kwenye mdomo, kope na ncha za manyoya. Mwanga ukipungua, faida hiyo inaliwa na chenga, na mwishowe huwezi kusema ni ipi imeshinda. Kwa hiyo zumu ya P950 si mazingaombwe wala si uongo. Ni kifaa cha mwanga mzuri na mnyama mtulivu, na katika hali hiyo ni kifaa bora sana kwa bei yake.

P1000 ina tundu kubwa zaidi, lakini hadi kufika f/8 kwenye kihisi kidogo namna ile, fizikia yenyewe ya mwanga inaanza kuilainisha picha. Kutoka 2000 hadi 3000 unapata ndege mkubwa zaidi kwenye fremu kuliko unavyopata undani mpya.

Na kabla hujafikia huko, mazigazi yatakuwa yamekuzuia. Ardhi ikishapata joto, hewa iliyo juu yake inachemka na kucheza, na lenzi ndefu inaikuza michezo hiyo pamoja na mnyama. Mchana wa Serengeti, au juu ya tambarare za magadi za Ziwa Bogoria palipo na heroe, picha ya mita 300 kwa milimita 2000 hutoka imeyeyuka hata kama kamera imefungwa kwenye stendi na fokasi ni sahihi. Hakuna kamera inayotibu hilo. Dawa ni kupiga asubuhi na mapema, au kusogea karibu. Mwenye P950 au P1000 na ajipange kumaliza kazi ya mbali kabla ya saa tatu asubuhi.

Mnyama akianza kukimbia

Hapa pengo ni kubwa mno kiasi kwamba sitarefusha maneno. Sony inapiga fremu 24 kwa sekunde huku ikiendelea kufuata fokasi, kwa kutumia pointi 315 za fokasi zilizo juu ya kihisi chenyewe, na inaweza kuendelea hadi picha 249 za JPEG kabla ya kupumzika. Hiyo ni zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Nikon zote mbili zinapiga fremu 7 kwa sekunde, lakini P1000 inasimama baada ya picha 7 na P950 baada ya picha 10, kisha unasubiri kadi iandike. Duma huwa ameshamaliza. Panasonic inapiga 7 kwa sekunde ikifuata fokasi, na ina njia yake ya kuchomoa picha za megapikseli 8 kutoka kwenye mkondo wa 4K, fremu 30 kwa sekunde. Inasaidia, ingawa fokasi yake haimgandi ndege arukaye kama ya Sony.

Mdiria anayepiga mbizi, mbayuwayu, nyumbu wanaoruka kingo za Mto Mara: kama hizo ndizo picha unazoota, weka fedha mpaka zifike bei ya Sony, hata ikibidi ununue iliyotumika.

Mkononi na garini

P1000 ina uzito wa gramu 1,415, na lenzi yake ikitoka yote inakuwa ndefu kuliko mwili wa kamera. Sony ni gramu 1,095, P950 gramu 1,005, Panasonic gramu 808. Tofauti ya Sony na P950 mkono hauitambui. Ya P1000 unaitambua ndani ya dakika kumi za kuishikilia usawa wa uso.

Kizuia mtikisiko cha Nikon hizi mbili ni kizuri kwelikweli, na wanaomlenga ndege aliyetua wanaweza kushuka hadi shata za polepole bila picha kucheza. Tatizo la zumu hizi ni kumpata ndege mwenyewe. Kwenye milimita 3000, upana wa fremu haufiki hata nyuzi moja. Ndege mdogo akihama tawi moja, unabaki unatazama majani. Nikon wameweka kitufe pembeni mwa lenzi: ukikibonyeza na kukishikilia, lenzi inarudi nyuma kidogo, unamwona ndege na mazingira yake, unamweka ndani ya kisanduku, unaachia, lenzi inarejea ilipokuwa. Jifunze kukibonyeza bila kutazama. Ni kitufe muhimu kuliko menyu yote ya kamera ile. Sony nayo ina swichi kwenye lenzi inayoizuia fokasi kuhangaika na vitu vilivyo karibu zaidi ya mita 3, na utaithamini siku unapopiga kupitia nyasi zilizo mbele ya dirisha la gari.

Mazoea ya garini ni yaleyale kwa kamera yoyote: injini izimwe, abiria watulie, na lenzi ilale juu ya mfuko wa maharage au mchele uliowekwa dirishani. Mfuko huo wa bei ya chini unaongeza picha safi kuliko kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine katika orodha hii. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari la utalii ni usumbufu kwa wote.

Vumbi ni suala zito kwetu. Kati ya nne hizi, Sony peke yake ndiyo iliyotengenezwa kuhimili vumbi na unyevu. Lenzi ya zumu inapotoka na kuingia hubadilishana hewa na nje, na chembe zikishaingia kwenye kamera ya lenzi isiyotolewa, huwezi kuifungua na kuipuliza mwenyewe. Ni kazi ya fundi. Mwenye Nikon au Panasonic aifunike kwa kitambaa gari linapokwenda, na asiivute zumu katikati ya wingu la vumbi la gari lililotangulia.

Betri: kwa takwimu za watengenezaji, Sony inapiga kama picha 400 kwa chaji moja, Panasonic 350, P950 290, P1000 250. Kitazamio na zumu ya mara kwa mara hushusha idadi hizo, hivyo betri ya pili si anasa kwa yeyote kati yao. P950 na P1000 zinatumia betri ya aina moja, na betri ya Sony ni ileile ya kamera zake nyingi za zamani, kwa hiyo kuipata si shida.

Panasonic inamfaa nani

Nimeipita haraka Panasonic na haistahili kudharauliwa. Ni nyepesi kuliko zote, ina skrini ya kugusa inayogeuka kila upande, na kihisi cha inchi moja kwa bei iliyokuwa takriban dola 900 ilipotoka, ilhali Sony ilitoka kwa dola 1,700. Harusi ya binamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ngalawa zikirudi jioni, na mara mojamoja mbugani: kwa maisha ya namna hiyo milimita 400 zinatosha na rangi zake ni nzuri. Kwa mpenzi wa ndege hasa, 400 ni fupi. Atakuwa anakata picha kila siku, na tundu lake la milimita 37 linampa mwanga mdogo kuliko wengine wote kutoka kwa ndege wa mbali.

Na mwezi je?

Hii ni sababu ya haki ya kununua P1000. Ikivutwa hadi mwisho, mwezi mpevu unazidi kidogo kimo cha fremu. Unaweza kutembea juu ya kreta zake moja baada ya nyingine. Kwa P950 mwezi unachukua kama asilimia 70 ya kimo cha fremu, ukiwa mzima na nafasi pembeni, na mimi napenda zaidi picha hiyo. Kwa Sony hauvuki robo. Mwezi unaangazwa na jua, una mwanga mwingi, na hauruki ghafla, kwa hiyo udhaifu wote wa kihisi kidogo unajificha. Wanaopenda kupiga mwezi mwandamo wasubiri jua lizame kabisa. Jua likipita kwenye lenzi kama hizi linaunguza kihisi.

Kama P1000 ndiyo uliyoiamua, fahamu kwamba mwaka 2025 Nikon ilitoa P1100 yenye lenzi ileile na tundu la USB-C, badala ya USB ndogo ya zamani.

Ningechagua vipi

Mwenye fedha ya kutosha na anayetaka kamera moja ya kila kitu, alfajiri hadi magharibi, mnyama amelala au anakimbia, achukue RX10 IV. Umri wake haujanipunguzia imani nayo. Kihisi na lenzi ile bado havijapata mpinzani katika aina hii.

Anayependa ndege waliotua, anayetoka asubuhi jua likiwa limechomoza vizuri, na ambaye dola 800 ndizo alizonazo, achukue P950. Ikiwa anasita kati yake na P1000, abaki na P950: ni nyepesi kwa gramu 410, lenzi yake inapitisha mwanga zaidi, na milimita 2000 zinamaliza karibu kila umbali ambao hewa ya nchi zetu inaruhusu.

Nyingi za kamera hizi utazikuta zimetumika, iwe ni Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa mtu binafsi. Nenda mchana na kadi yako mwenyewe. Vuta zumu kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ukisikiliza: iende kwa mvuto mmoja, bila mkwaruzo wala kusita. Punguza uwazi wa lenzi hadi f/8, piga ukuta mweupe, kisha ikuze picha utafute madoa ya kijivu. Hayo ni vumbi lililokwisha kuingia ndani. Piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani kwa zumu ndefu na ulinganishe maandishi ya kushoto na ya kulia. Upande mmoja ukiwa na ukungu siku zote, lenzi imepigwa au imeanguka. Kama ni Sony, toka nje ya duka, elekeza kwenye gari linalokuja upande wako, shikilia kitufe kwa fremu zote 24 za sekunde, kisha zipitie moja moja. Ikiwa namba ya gari inasomeka katika karibu zote, lipa.